Hamu Hakulaaniwa

Chukua Biblia iliyo karibu nawe, ya karatasi au ya kwenye simu, ufungue Mwanzo sura ya 9. Soma kuanzia aya ya 18 hadi ya 27. Ni aya kumi tu, hazitakuchukua hata dakika mbili. Gharika imekwisha. Nuhu amepanda mizabibu, amekunywa divai, amelewa, amelala uchi hemani mwake. Hamu, mwanawe, anamwona, anatoka nje kuwasimulia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanachukua nguo, wanatembea kinyumenyume ili macho yao yasione, wanamfunika mzee. Nuhu analevuka, anajua yaliyotokea, anatamka laana.

Sasa tafuta jina la aliyelaaniwa.

Si Hamu. Ni Kanaani, mtoto wa Hamu, ambaye katika kisa chote hakuingia hemani, hakuona kitu wala hakusema neno. Tafuta na rangi ya ngozi: haimo. Tafuta Mungu akithibitisha laana hiyo: hayumo. Anayesema ni mzee aliyetoka kulevuka, na katika aya hizo kumi Mungu hatamki lolote. Mwanzoni mwa sura hiyohiyo ndipo aliposema, na alichofanya hapo ni kumbariki Nuhu na wanawe, Hamu akiwa mmoja wao, na kufanya agano nao wote.

Endelea hadi sura ya 10. Wana wa Hamu wametajwa wanne: Kushi, Misri, Puti na Kanaani. Kwa Kushi anazaliwa Nimrodi, mtu wa kwanza katika Biblia kuitwa hodari duniani, ambaye ufalme wake ulianzia Babeli. Kwa Misri inatoka dola ambayo baadaye itawafanya wana wa Israeli watumwa. Hebu litafakari hilo. Kisa kikubwa kuliko vyote vya utumwa katika Biblia, kisa cha Kutoka, kinawahusu wana wa Shemu wakifyatua matofali kwa amri ya wana wa Hamu. Kama Hamu alilaaniwa awe mtumwa wa Shemu, basi Farao hakupata habari.

Naanza na aya hizi kwa sababu nimechoka kuzisikia zikisomwa vibaya. Si huko Alabama ya mwaka 1850. Hapa kwetu, kwa Kiswahili, kwenye spika kubwa. Nimemsikia mhubiri, Mwafrika kama mimi, akiwaeleza waombolezaji kwamba umaskini wa bara hili una mizizi katika hema la Nuhu, na kwamba sisi wana wa Hamu tunahitaji maombi ya siku arobaini ya kuvunja laana ya ukoo. Watu waliitika amina. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza ni aya gani. Na msibani mtu hanyooshi mkono. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Uongo huo una tarehe, una majina, na una maiti. Tuufuate ulikopita.

Kwa karne kadhaa, wafanyabiashara wa watumwa na wachungaji wao walihitaji jibu la swali moja: kama watu wote ni uzao wa Adamu, kwa nini huyu afungwe minyororo na yule aishike? Mwanzo 9 ikawa jibu. Wakamtoa Kanaani, wakamweka Hamu. Wakampaka Hamu rangi nyeusi ambayo kitabu hakikumpaka. Wakaigeuza kauli ya mzee mmoja aliyeamka na hasira kuwa sheria ya Mungu ya milele. Aya ilikuwa imekwisha kubeba mzigo huo muda mrefu ilipofika kwetu.

Iliyoileta huku ndani ni safari ya John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyetoka pwani yetu kwenda kutafuta chanzo cha Nile. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863. Mwanzoni kabisa anawaeleza wasomaji wake kwamba hali ya Mwafrika ni ushahidi ulio hai wa Maandiko: Hamu alilaaniwa awe mtumwa wa nduguze, na mtumwa ndivyo alivyo hadi leo. Lakini Speke alikuwa na tatizo. Alikuwa amefika Karagwe, ambayo leo iko mkoa wa Kagera, akapokewa na mfalme Rumanyika. Akavuka hadi Buganda, akakuta ikulu yenye protokali ya kumchosha hata Mwingereza. Waliolaaniwa wamepata wapi falme?

Mtu mwaminifu angeitilia shaka laana. Speke aliwatilia shaka watu. Akasema watawala hao hawawezi kuwa wa hapa. Ni kizazi cha wavamizi kutoka Uhabeshi, jamii bora iliyoshuka kusini na kuwatawala wenyeji.

Hakuwa peke yake. Tangu jeshi la Napoleon lilipoingia Misri mwaka 1798 na wasomi wake wakaona mahekalu ya kale kwa macho yao, Ulaya ilikuwa na kazi ngumu ya kueleza namna wana wa Hamu walivyoyajenga yale yote. Ufumbuzi ukapatikana taratibu. Wasomi walikumbuka ghafla kwamba aliyelaaniwa ni Kanaani tu! Waliisoma aya sawasawa kwa mara ya kwanza, lakini si kwa ajili ya kumfungua mtumwa. Waliisoma ili wana wengine wa Hamu watolewe kwenye weusi na kuingizwa kwenye ukoo wa wazungu. Ilipofika mwaka 1930, Charles Seligman, profesa wa London, aliweza kuandika katika kitabu chake kuhusu jamii za Afrika kwamba ustaarabu wa bara hili ni kazi ya Wahamu, na kwamba Wahamu hao ni ndugu wa wazungu.

Angalia mchezo ulivyochezwa. Kwanza Hamu ni mweusi, ili Mwafrika afungwe. Kisha Hamu ni mweupe, ili alichojenga Mwafrika apewe mwingine. Jina ni lilelile na kitabu ni kilekile. Kilichobadilika ni mahitaji ya msomaji. Mchele ni mmoja, na mpishi alijua tangu mwanzo ni nani atakayelala njaa.

Nadharia hii haikubaki maktaba. Nchini Rwanda, watu waliozungumza lugha moja, waliomwita Mungu kwa jina moja, Imana, waliokaa milima ileile na kushiriki koo zilezile, waliambiwa na wakoloni na wamisionari kwamba wao ni mataifa mawili. Mtutsi ni Mhamu, amezaliwa kutawala. Mhutu ni Mbantu, amezaliwa kulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ukawaandikisha watu mmoja mmoja na kuwapa vitambulisho vyenye kabila. Shule zilizoendeshwa na kanisa zikawapendelea walioitwa Wahamu, kwa ajili ya vyeo vya utawala.

Lakini sumu ukiiita dawa, haiachi kuwa sumu. Miaka thelathini baadaye, hadithi ileile ikashikwa upande wa makali. Kama Mtutsi ni Mhamu, basi ni mgeni. Kama ni mgeni, arudi kwao. Tarehe 22 Novemba 1992, pale Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watapelekwa huko kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha, lakini mto haukungoja hukumu. Mwaka 1994 Nyabarongo iliingiza maiti kwenye Kagera, Kagera ikazimimina Ziwa Victoria, na wavuvi upande wa Uganda ndio waliozivua na kuzizika.

Speke alikuwa ametafuta Nile inakotoka. Wazo alilolibeba lilirudi kwa njia ya mto.

Utaniambia: hayo ni ya wakoloni na wanasiasa, Biblia inaingiaje? Inaingia kwa mlango wa kanisa. Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa miongoni mwa nchi za Kikristo zaidi katika bara hili. Mfalme wake, Mutara Rudahigwa, alikuwa ameiweka wakfu kwa Kristo Mfalme mwaka 1946. Aprili 1994, watu waliokimbilia parokia ya Nyange waliangushiwa kanisa kwa tingatinga. Paroko wao, Athanase Seromba, alishtakiwa hapa Arusha katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Mwaka 2006 alipewa miaka 15, na rufaa ya mwaka 2008 ikaifanya kifungo cha maisha. Waliokuwa ndani na waliokuwa nje walikuwa wamebatizwa kwa maji ya kisima kimoja. Wote wangekuambia, kama ungewauliza Jumapili moja kabla, kwamba mbele za Mungu watu wote ni sawa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sina shida kubwa na mbaguzi anayejijua, huyo tunamwona. Nina shida na sentensi ile laini tunayoipenda, kwamba mbele za Mungu sote ni sawa. Inasemwa kila mahali na haigharimu kitu. Inaweza kusemwa kutoka madhabahu moja mbele ya watu ambao hawawezi kuozana, hawapeani kura, na kesho yake hawataokoana. Imekuwa njia ya kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Makaburu waliisema pia. Mwaka 1857, sinodi ya Kanisa la Kidachi la Matengenezo huko Afrika Kusini ilijadili malalamiko ya wazungu waliokataa kushiriki meza ya Bwana pamoja na waumini weusi na machotara. Sinodi ikajibu kwa uungwana. Ikakiri kwamba inavyofaa, na kwa mujibu wa Maandiko, waumini wapya wapokelewe katika sharika zilizopo. Kisha ikaongeza kwamba pale ambapo jambo hilo linakwamisha kazi kutokana na udhaifu wa baadhi ya watu, wanaweza kuhudumiwa mahali pengine. Udhaifu wa baadhi! Walijua Biblia inataka nini, wakaandika kwenye kumbukumbu za kikao, kisha wakafuata kinyume chake. Mwaka 1881 udhaifu huo ulikuwa umezaa kanisa zima la pekee kwa ajili ya machotara. Mwaka 1948 ukawa sera ya serikali.

Na watetezi wa apatheidi walikuwa na aya zao. Mojawapo ni Matendo 17:26, Paulo akihutubia Athene. Aya ile ina nusu mbili. Ya kwanza inasema Mungu aliyafanya mataifa yote kutoka kwa mmoja. Ya pili inasema aliyawekea nyakati na mipaka ya makazi. Unaweza kukisia wao walipigia mstari nusu ipi.

Jambo la ajabu ni kwamba kisa cha mwaka 1857 kilikuwa kimekwisha kutokea, na Biblia yenyewe ilikuwa imekwisha kukitolea hukumu. Kimo katika Wagalatia sura ya 2. Petro yuko Antiokia, anakula meza moja na watu wa mataifa. Wanafika Wayahudi kutoka Yerusalemu. Petro anaanza kujitenga polepole. Hasemi neno baya juu ya mtu yeyote, anahamisha sahani tu. Na Barnaba naye anamfuata. Paulo hamwiti pembeni wala haundi kamati ya upatanisho. Anampinga Petro, nguzo ya kanisa, uso kwa uso, mbele ya wote. Hakumshtaki kwa kukosa adabu. Alimshtaki kwa kutokwenda sawasawa na ukweli wa injili. Kwa Paulo, nani anakula na nani ndiyo injili yenyewe.

Ilichukua miaka 125 tangu ile sinodi hadi makanisa ya Matengenezo duniani, yalipokutana Ottawa mwaka 1982, kuitangaza apatheidi kuwa uzushi, na kumchagua Allan Boesak, mchungaji kutoka lile kanisa la machotara, kuwa rais wao. Mwaka huohuo, huko Belhar karibu na Cape Town, kanisa la Boesak liliandika ungamo lake la imani. Waliotengwa mezani ndio waliowakumbusha waliowatenga kilichoandikwa.

Nawajua baadhi yenu mnaosoma mpaka hapa. Mmekwisha choka na mjadala wenyewe. Mnasema: kitabu kimetumika hivi kwa sababu kitabu chenyewe kiko hivi. Mna hoja, na sitawajibu kwa kuwaficha aya. Walawi 25 inaruhusu kumiliki watumwa kutoka mataifa ya jirani na kuwarithisha watoto. Kumbukumbu la Torati 23 inamfungia Mmoabi mlango wa kusanyiko hata kizazi cha kumi. Katika Ezra 10 wanaume wanawafukuza wake zao wageni pamoja na watoto waliozaa nao. Waefeso 6 inawaambia watumwa watii. Mhubiri anayekuambia aya hizi hazipo anakudanganya, na anayezipuuza anakuacha uje uzikute peke yako usiku.

Howard Thurman, mwanatheolojia Mmarekani mweusi, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1949 habari za bibi yake aliyezaliwa utumwani. Bibi hakujua kusoma, hivyo mjukuu alimsomea Biblia. Lakini hakuruhusu asomewe nyaraka za Paulo, isipokuwa mara mojamoja ile sura ya 13 ya Wakorintho wa Kwanza. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba enzi za utumwa mchungaji wa bwana wao aliwahubiria aya ileile ya watumwa kutii, tena na tena kila mwaka. Akajiapiza kwamba akipata uhuru, sehemu hiyo hataisoma. Simlaumu hata kidogo. Yule bibi alikuwa mfafanuzi wa Maandiko kuliko maprofesa wengi.

Lakini ona na upande wa pili. Mwaka 1807, jijini London, ilichapwa Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza. Ilikuwa imekatwakatwa. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189. Ile ilibakiwa na 232. Waliacha Waefeso 6. Waliondoa Musa akimwambia Farao awaachie watu waende. Waliondoa Wagalatia 3:28, inayosema kwamba katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani, mtumwa wala huru.

Kama kitabu chote kingekuwa upande wa bwana, bwana asingehitaji mkasi.

Ndiyo msimamo wangu. Biblia si kipeperushi cha haki za binadamu. Ni kitabu kinachobishana chenyewe kwa chenyewe, na mabishano hayo yana mwelekeo. Torati inamfungia mlango Mmoabi. Kisha kinakuja kitabu cha Ruthu, mwanamke Mmoabi, ambaye kinakazana kumwita Mmoabi tena na tena, na mwishoni kinamfanya bibi mkuu wa Daudi. Kumbukumbu la Torati 23 inamtoa nje towashi. Isaya 56 inamwita ndani, yeye na mgeni, na kuwaahidi nafasi nyumbani mwa Mungu. Na katika Matendo 8 anayekutwa garini anasoma Isaya ni mtu aliye vyote viwili, towashi na Mkushi, Mwafrika, akibatizwa kabla Petro hajafika nyumbani kwa Kornelio Mrumi. Wayahudi wanajiona taifa la pekee. Amosi 9:7 inawauliza kama wao kwa Mungu si sawasawa na Wakushi. Yesu anasimama sinagogi la kwao Nazareti, anawakumbusha kwamba nabii Eliya alitumwa kwa mjane wa Sidoni na Elisha akamponya Mshami, na watu wa kijijini kwake wanataka kumtupa gengeni. Hawakukasirishwa na miujiza. Walikasirika kuambiwa kwamba Mungu si wa ukoo wao.

Na kila mara mgogoro unapotokea, Biblia haiishii kwenye maneno laini. Tazama Hesabu 12. Miriamu na Haruni wanamsema Musa kwa sababu ya mkewe Mkushi. Aya ya pili tu inafichua walichokuwa wanakitaka: wanauliza kama Bwana amesema na Musa peke yake. Wameanza na kabila la mke, wameishia kwenye cheo. Nani kati yetu hajawahi kukaa kikao cha namna hiyo? Adhabu ya Miriamu ni ukoma, ngozi yake ikawa nyeupe kama theluji, akakaa nje ya kambi siku saba. Mwandishi hakuhitaji kutuchorea picha zaidi.

Tazama pia Matendo 6. Kanisa bado changa, Yerusalemu. Wajane wa Wayahudi wanaozungumza Kiyunani wanasahaulika katika mgawo wa chakula wa kila siku. Kumbuka, hawa wote ni waumini, wameshuka kutoka Pentekoste ambako kila mtu alisikia lugha yake. Umoja wao umevunjikia sufuriani. Mitume wangeweza kuhubiri kwamba katika Kristo hakuna kabila. Walichofanya ni kuitisha uchaguzi wa watu saba wa kusimamia ugavi, na majina yote saba ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao, ambaye hata hakuzaliwa Myahudi. Upande uliolalamika ulikabidhiwa upawa.

Huo ndio usawa ninaousoma mimi: nani anashika upawa, nani anashika ufunguo wa hazina, nani anaoa wapi, nani anasimama mimbarini. Sasa tujipime. Tuna sharika Afrika Mashariki ambazo mipaka yake inafuata makabila kama mshono unavyofuata kanzu. Tuna chaguzi za maaskofu ambazo kila mtu anajua hesabu yake kabla kura hazijapigwa, na hesabu hiyo ni ya kijiji cha kuzaliwa. Tuna wazazi wanaoongoza vipindi vya maombi ambao, mtoto akileta mchumba, swali la kwanza si kama ameokoka. Ni kwao wapi. Tarehe 1 Januari 2008, pale Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia ndani kwa sababu ya kabila lao. Nchi ile nayo ilikuwa imejaa makwaya.

Hata kwenye lugha yetu kuna kazi. Katika Wimbo Ulio Bora 1:5 mwanamke anazungumzia weusi wake na uzuri wake. Kiebrania kinaviunganisha viwili hivyo kwa herufi moja ambayo yaweza kuwa "na" au "lakini". Wafasiri wa kale wa Kiyunani walichagua "na". Tafsiri ya Kilatini ya Jerome ikachagua "lakini". Biblia ya Kiswahili ya 1952, ambayo wengi wetu tulilelewa nayo, nayo ina "lakini". Najua mwanamke yule anaeleza kuunguzwa na jua kwa kazi ya shamba, si mjadala wa mbari. Lakini fikiria msichana wa Masasi au Kisumu anayesoma aya hiyo akiwa na kopo la mkorogo mezani. Kiunganishi kimoja kinatosha kumwambia kwamba uzuri wake umepatikana licha ya ngozi yake. Wafasiri walikuwa na hiari. Nasi tunayo: tusome "na".

Nasikia tena swali: kwa hiyo tufanye nini, tukeshe tukibishana aya? Ndiyo, kwa sehemu. Mtu akitaja laana ya Hamu, mwombe aya, kisha mwombe akuonyeshe jina la Hamu ndani ya laana. Hatalipata. Lakini aya peke yake haitoshi, kwa sababu siku ya kupimwa hakuna atakayekuuliza aya. Utaambiwa uchague upande wa kusimama.

Nirudi Nyange. Jirani na mahali lilipoangushwa kanisa kuna shule ya sekondari. Tarehe 18 Machi 1997, miaka mitatu baada ya tingatinga, waasi waliingia madarasani usiku na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja, Watutsi mwingine. Wanafunzi walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi na kutupiwa mabomu, baadhi wakafa. Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili, ng'ambo ya mpaka nchini Burundi, wavulana wa seminari ndogo ya Buta waliamriwa jambo hilohilo bwenini mwao, Wahutu huku, Watutsi kule. Hawakusogea. Waliuawa arobaini.

Walikuwa watoto wa shule. Wengi wao walikuwa wadogo kuliko wewe unayesoma. Hadithi ya Hamu iliyotoka hemani kwa Nuhu, ikapita London na Karagwe na Kabaya, ikawafikia ikiwa na bunduki, ikawataka wajipange kwa ukoo. Paroko msomi alikuwa ameshindwa mtihani huo mlima uleule, akiwa na Kilatini chake chote. Wao walibaki pamoja, wameshikana.

Jumapili hii, au Jumapili yoyote, utaombwa tena kusogea. Haitakuwa kwa bunduki. Itakuwa kikao cha kupendekeza mzee wa kanisa, au kundi la simu la watu wa kwetu, au shangazi akinong'ona kuhusu mchumba wa binamu. Litakuwa jambo dogo, na kukaa kimya kutaonekana adabu. Usisogee.